Majira ya Shayiri

7 Novemba

Leo ni Diwali, na nimeamua kuanza kuandika kwa sababu katika nyumba hii kuna jambo linaendelea ambalo siambiwi. Mzee akishuku kwa mdomo anaitwa mgomvi. Akishuku kwa kalamu, angalau hakatizwi.

Jambo lenyewe ni chakula. Mwezi uliopita muuguzi alipita mtaani kwetu akatutoboa vidole sote. Kidole kilikuwa changu, lakini majibu aliyapokea Kusum, mke wa mwanangu, akaja kunitangazia kuwa sukari yangu iko juu. Siku ileile gunia la mchele likaondolewa jikoni, sijui likaenda wapi. Tangu hapo tunapikiwa shayiri. Sisi tuliotoka Kashmir, mtu akituuliza kama tumekula huwa anauliza kama tumekula wali. Shayiri kwetu ilikuwa ya farasi.

Mimi sijisikii mgonjwa. Anayekonda ni mwanangu Ashutosh. Mkanda wake umefika tundu la mwisho, na shingo yake imekuwa nyembamba kama alipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa na wana wawili. Avtar, mkubwa, moyo ulimsimama kazini mwaka juzi, huko Pune. Huyu ndiye aliyebaki. Sitakaa kimya nikimwangalia akipukutika mbele yangu.

8 Novemba

Dengu. Majani. Shayiri.

11 Novemba

Sasa pana mchezo mpya. Kusum ameusikia kwa mwalimu wa Meenal, mjukuu wangu. Kabla ya kula chakula cha jioni, kila mtu ataje jambo moja la siku hiyo analolishukuru. Nilimweleza kwa upole kwamba kwetu watu wa nyumba moja hawashukuriani. Ukimwambia mama yako asante umemfanya mgeni. Akasema basi tujifanye wageni kwa dakika mbili, sahani zisipoe.

Meenal alishukuru kwamba mtihani wa hesabu umeahirishwa. Ashutosh alishukuru kwa maji baridi, akanywa bilauri mbili mfululizo. Kusum alisema anashukuru kwamba leo amepanda ngazi bila kusimama katikati. Nikauliza ni nani huyo.

"Ni wewe, Baba. Nani mwingine?"

Leo sikutoka nje kabisa.

Zamu yangu ilipofika nilishukuru kwa chumvi, popote ilipo. Meenal alicheka hadi akakohoa. Kusum hakucheka.

12 Novemba

Ukungu. Shayiri.

17 Novemba

Baridi ya Jammu haina adabu ya theluji. Inaingia tu mifupani bila kubadili sura ya kitu chochote. Nimekaa sebuleni na blanketi, nikijifanya nasoma.

Niliyoyaona ni haya. Ashutosh akirudi kutoka dukani kwake hanywi chai kwanza, anakwenda kwenye mtungi wa maji. Anakunywa, anapumzika, anakunywa tena. Nimewahi kuona watu wakifanya hivyo. Kiangazi kile cha kwanza kwenye mahema ya wakimbizi, tulipokimbia Kashmir, chakula kilipochelewa, tulijaza matumbo kwa maji ili tupate usingizi. Mwanangu ana njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Dada yake Kusum alikuja na kikapu. Walifunga mlango wa jikoni wakaongea chinichini. Nilipoingia kutafuta kijiko ambacho sikukihitaji, wakaanza kuzungumzia sweta. Nikauliza sweta hizo ni za rangi gani. Kila mmoja alitaja rangi yake.

Kusum ni mtu wa hapa Jammu. Wenyeji walitupokea tulipofika na mabegi yetu, sikatai, na walituchoka pia, hilo nao hawakatai. Alipoolewa humu nilimwambia mke wangu, aliyekuwa hai bado, kwamba msichana ni mzuri ila hatajua kupika mizizi ya yungiyungi. Alijifunza ndani ya wiki moja. Hata hilo nililishuku.

20 Novemba, Jumanne

Nimekwenda kwa Makhan Lal. Tulipangiwa hema moja mwaka wa tisini, na tangu siku ile hajawahi kukubaliana nami. Ni mjane kama mimi, anajipikia, na kitambi chake ni ushahidi. Nilimsimulia yote.

"Kwa hiyo Mkutubi amewekwa kwenye lishe ya farasi," alisema, akiniita kwa kazi yangu ya zamani. "Basi utaanza kukimbia sasa."

Nikamwambia mimi si hoja. Hoja ni mwanangu. Hapo aliacha mzaha, maana alikuwa nami siku ya kumchoma moto Avtar. Kisha akauliza kwa nini nisimlishe mwenyewe. Nikasema Ashutosh hatakula nyuma ya mke wake; ana heshima mbaya ya namna hiyo.

Ndipo Makhan Lal akanikumbusha navidi. Chakula kilichowekwa mbele ya Bibi Mungu na kuombewa hakikataliwi. Awe mgonjwa, awe ameshiba, awe amegombana na aliyekileta, Mpandit, yaani Mhindu wa Kashmir kama sisi, atapokea kwa mikono miwili na kukila. Humo jikoni mwake kuna kishubaka chenye picha ya Bibi Mungu na taa. Tukapika tahari, wali wa manjano wenye mafuta ya haradali ya kutosha kuzamisha kijiko, tukauweka mbele ya picha kwa muda wa ombi moja. Makhan Lal akaongeza halua ya samli na sukari, akidai Bibi Mungu naye ni mwanamke, anapenda kitu kitamu.

Saa sita mchana nilifika dukani kwa Ashutosh, kopo likiwa chini ya joho langu. Anatengeneza miwani. Alilitazama kopo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Baba, mimi siku hizi…"

"Ni navidi," nikasema.

Aliivua miwani yake, akanawa, akapokea kwa mikono miwili na kuigusisha paji la uso. Alikula yote. Alikula akiwa amefumba macho, na nilipomwona hivyo nilijua kwamba sikukosea kumshuku Kusum.

27 Novemba

Navidi. Amekula yote.

29 Novemba

Kwenye shukrani Kusum alishukuru kwa majani ya haakh, eti muuzaji amempa fungu lililokatwa asubuhi hiyohiyo. Nakiri majani yalikuwa mazuri. Aliyapika kama yalivyokuwa yakipikwa nyumbani, maji mengi na pilipili nzima, mafuta kidogo mno. Nilikula mara mbili na nikasema sijashiba.

4 Desemba

Navidi. Mvua ya kwanza. Kopo lilifika moto.

11 Desemba

Haongezeki uzito. Nilidhani kufikia sasa mashavu yangeanza kujaa. Badala yake macho yameingia ndani, na amebadilisha lenzi za miwani yake mara ya pili tangu Diwali. Alicheka akasema fundi wa miwani asiyeona ni tangazo baya. Nimehitimisha kwamba navidi moja kwa wiki haitoshi kufidia siku sita za shayiri. Makhan Lal amekubali Jumamosi pia.

"Ila utaniletea samli," alisema. "Dini hii inanifilisi."

18 Desemba

Leo nimemwona Kusum akifanya jambo lisilo la kawaida. Alikuwa akitenganisha nguo za kufua. Alichukua shati la Ashutosh, akaangalia mlangoni, akalinusa. Kola, halafu mikono. Alilinusa mara ya pili, kisha akakaa kwenye kigoda nalo mapajani, hajitikisi.

Anatafuta harufu ya samli. Kwa hiyo anajua kwamba mumewe anakula mahali fulani, na kinachomuuma ni hicho, kwamba ameshiba. Nimekaa na wazo hili mchana wote na linanitia baridi kuliko hali ya hewa.

Jioni alishukuru kwamba watu wote wa nyumba hii wanarudi nyumbani. Alimtazama mumewe aliposema hivyo. Ashutosh alitazama bakuli lake.

19 Desemba

Mimi na Kusum hatujasemezana ila habari za gesi ya kupikia.

22 Desemba

Ukungu siku ya nne. Navidi.

29 Desemba

Ashutosh alilala dukani, kichwa mezani, nilipofika. Nilimwamsha ale. Alisema amechoka tu; wateja ni wengi. Sikuona mteja hata mmoja.

5 Januari

Leo ni siku ya mwezi kufa katika Poh, mwezi wetu wa baridi kali, siku ya khichri. Kila nyumba ya kwetu hupika wali na choroko pamoja, na sehemu ya kwanza huwekwa juu ya ukuta kwa ajili ya Yaksha, mwenye milima, anayeshuka kula. Mama yangu alikuwa akisema Yaksha hakosei mlango. Sijui kama anatujua huku tulikohamia, lakini tumemwekea kila mwaka, hata ule mwaka ambao ukuta wenyewe ulikuwa turubai.

Kusum aliipika khichri kwa shayiri.

Nilisimama jikoni nikiangalia ile sufuria. Nikamwambia mimi anilishe atakavyo, lakini huyu si wa kufanyiwa mzaha. Akasema, bila kugeuka, kwamba Yaksha naye ni mzee, hatadhurika. Meenal akauliza kama Yaksha naye atapimwa kidole.

Nilitoka na joho langu. Kwa Makhan Lal tulipika khichri ya kweli, mchele mweupe, samli, na nyama ya kondoo pembeni, na halua kubwa kuliko zote. Tuliweka sehemu ya Yaksha ukutani kwake. Iliyobaki nikambebea Ashutosh. Nilimwambia ni ya siku ya leo, ya nyumbani, kama ya bibi yake. Alikula polepole, akapumzika, akamaliza. Halafu akaomba maji.

8 Januari

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nikiacha kuandika nitaanza kutembea huku na huku tena, na muuguzi ameshanikanya.

Asubuhi jirani wa duka, muuza vitambaa, alipiga simu nyumbani. Ashutosh alikuwa ameanguka. Alikuwa ametapika, na alikuwa akipumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima. Kusum alifika kabla yangu. Nilipoinama kumwita jina, pumzi yake ilinukia tunda lililoiva hadi likaharibika.

Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu, alisema ni sukari. Nikamwambia amekosea mtu, mwenye sukari ni mimi. Hakunisikiliza, alikuwa anamuuliza Kusum. Ugonjwa ulijulikana lini? Septemba, akajibu Kusum. Vidonge gani? Akavitaja. Nilimsikia akivitaja kimoja baada ya kingine na nikashika ukuta.

Kisha daktari akauliza amekuwa akila nini. Kusum akaeleza: shayiri, dengu, haakh, samaki mara moja kwa wiki, hakuna mchele, hakuna sukari. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, usinifiche. Sukari hii haikutoka kwenye majani. Vidonge navyo huenda havimtoshi tena, lakini nikiambiwa uongo wa chakula nitakosea dawa."

"Sikufichi kitu. Napika mwenyewe."

"Basi si wewe peke yako unayempikia."

Kusum aliukaza uso wake asilie. Mwanamke ambaye nimemwandika vibaya kwa miezi miwili alikuwa amesimama anaitwa mwongo kwa ajili yangu, na hakujua kwamba ni kwa ajili yangu. Katika ukumbi ule ni mtu mmoja tu aliyekuwa na jibu ambalo daktari alilihitaji, na nilitamani awe mtu mwingine yeyote.

Nikasema. Jumanne na Jumamosi. Wali, mafuta, samli, halua. Tangu Novemba. Jumamosi iliyopita zaidi ya siku zote. Daktari aliandika, akaniuliza kiasi cha halua, nikamwonyesha kwa viganja. Aliviangalia viganja vyangu, akaenda haraka.

Tukabaki wawili. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, ingekuwa nafuu.

"Ni wewe, Baba?" alisema. "Ni wewe ulikuwa unamlisha?"

Nikasema ni mimi.

Akakaa kwenye benchi. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani hatimaye analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, machozi yakimtoka.

"Nimenusa mashati yake mwezi mzima," alisema. "Samli, halua. Nikasema kuna mwanamke anampikia. Nimekuwa nikilala na mwanamke huyo kichwani. Nimempa hadi sura, Baba. Mnene, ana bangili nyingi."

"Ni Makhan Lal," nikasema. "Bangili hana."

Akacheka tena, halafu akalia kweli, na nikaketi kando yake. Sikujua mkono niuweke wapi. Niliuweka kwenye mkoba wake.

Alinieleza yote pale. Septemba Ashutosh alipoambiwa ugonjwa wake alimwapisha mkewe asiniambie. Baada ya Avtar sikuwa nimekula kwa siku nyingi, na walinilisha supu kwa kijiko. Alisema nikisikia tena neno hospitali nitatangulia mimi. Lakini sufuria ya nyumba ni moja, na mimi ningeuliza. Ndiyo maana wakanipa mimi ugonjwa wake. Dada yake Kusum alikuwa anamfundisha kupika shayiri isiwe uji. Mume wa dada huyo ana sukari pia. Yule aliyepanda ngazi bila kusimama alikuwa Ashutosh.

Kwa hiyo sikukosea kushuku. Walinidanganya, na uongo wenyewe ulikuwa humo katika yale niliyoyaandika, mbele ya macho yangu. Nilikosea kitu kimoja tu, nacho kiko nyuma ya mlango ule kina mipira miwili ya dripu mkononi.

9 Januari

Hajaamka vizuri.

10 Januari

Hajaamka vizuri. Kusum amenunua machungwa mawili, tumekula moja moja. Nilipofika nusu ya chungwa langu nilitambua kwamba nashukuru. Sikusema.

11 Januari

Amefumbua macho saa nne asubuhi akaomba miwani.

Nilipoachwa naye nilimuuliza kwa nini hakunikataza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ulikuwa unakuja kwenye ukungu ule, Baba, kopo kifuani kama mtoto mchanga. Ningekwambia nini?"

"Ungesema unaumwa."

"Na ni navidi." Akafumba macho. "Na ilikuwa tamu sana."

19 Januari

Nyumbani. Anajichoma sindano mwenyewe tumboni kabla ya kula. Meenal anaangalia bila woga na kumkumbusha abadilishe upande. Mimi ndiye ninayegeuza uso.

Makhan Lal alikuja na mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisimama mlangoni akasema yule mwanamke wa bangili amekuja kuomba radhi. Kusum alimkaribisha shayiri. Alikula, akaomba nyingine, akasema ni mbaya kuliko alivyosimuliwa.

2 Februari

Muuguzi amenipima tena, na safari hii majibu nimepewa mimi. Sukari yangu ni ya kijana. Kusum aliniuliza kama nataka anipikie wali wangu peke yangu, kisufuria kidogo, angekiweka mbali na Ashutosh. Nilitaka. Nilimwambia nitafikiria.

3 Februari

Nimefikiria. Harufu ya wali hupita chini ya mlango; nimemwambia asipike.

14 Februari

Shayiri ina ujanja wake. Ikilowekwa tangu asubuhi na kuchemshwa na iliki moja nyeusi, inafanana na kitu. Nilimwambia Kusum ajaribu hivyo. Akasema amekuwa akifanya hivyo tangu Desemba.

4 Machi

Herath, sikukuu yetu kubwa, imepita. Tumegawa kokwa za jozi zilizolowekwa. Daktari amesema jozi ni ruhusa, kiasi. Meenal alihesabia baba yake mgao wake na akakataa kushawishiwa. Nyumba ilijaa ndugu, na kila aliyemwona Ashutosh alimsukumia kitu mkononi. Kusum alisimama kushoto kwake, mimi kulia. Tulipokea sisi.

Bado nashuku. Nashuku shangazi wenye pochi kubwa, nashuku wateja wanaofunga ndoa na kuleta peremende dukani, nashuku ukimya wa Ashutosh anapopita penye harufu ya kukaanga. Tofauti ni kwamba sasa tunashuku wawili, na jioni tunalinganisha.

17 Machi

Daktari amemwamuru atembee kila siku kando ya mfereji. Nimekuwa nikimfuata, nikisema nami nahitaji hewa. Ukungu umekwisha, mikwaju ya barabarani imeanza kutoa majani, na maji yameachiliwa tena mferejini, ya kijivu, ya theluji iliyoyeyuka kwetu juu.

Leo aliharakisha kuliko kawaida. Nilipofika kwenye ukuta mfupi karibu na daraja magoti yalikataa, nikamwambia aendelee. Alisita. Nikamfukuza kwa mkono. Nikaketi nikaona mgongo wake ukipungua, ukapita muuza karanga bila kusimama, ukafika kwenye kona ambapo barabara inajificha nyuma ya miti, ukapotea.

Nimekaa mahali pengi maishani nikiangalia migongo. Malori yaliyotutoa Srinagar alfajiri. Mke wangu akibebwa. Gari-moshi la Avtar. Najua muda ambao mtu huchukua kuwa nukta, na najua jinsi barabara inavyobaki pale pale baadaye kana kwamba haikufanya kitu.

Nilingoja. Mwanamke alipita na mbuzi. Muuza karanga alinitazama akaacha kunitazama.

Halafu kwenye ile kona akatokea mtu mwembamba mwenye miwani, amevua sweta na kuifunga kiunoni, anatokwa jasho, anatembea kuja upande wangu. Akawa mkubwa kidogo. Akawa mkubwa zaidi. Aliponiona aliinua mkono.